Kitufe Kisicho na Jina



Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu watatuwia radhi, kwani juma hili safu yenu haitoki kwenye ufuo wa bahari bali kwenye ufuo wa ziwa. Tumo Asembo Bay, katika Kaunti ya Siaya, magharibi ya Kisumu, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Waislamu wa hapa si wengi, lakini ni watu wa kushikana mikono, na wana jamaa na marafiki ng'ambo ya ghuba, Kendu Bay. Usiku usio na mwezi wavuvi wa omena huwasha taa zao majini, na mgeni akisimama ufuoni hudhani mji mwingine umejengwa juu ya ziwa.

Tumekuja kuwajulia hali wakwe zetu, naam, lakini tumekuja pia kulipa deni. Deni lenyewe si la fedha. Ni la ushauri mbaya tulioutoa, na kwa kuwa tuliutoa mbele ya watu, tumeona ni insafu kuukiri mbele ya watu.

Ipo madrasa moja katika sehemu hizi ambayo miaka miwili iliyopita ilipata msaada kutoka kwa jamaa walioko Oman. Fedha zilikusudiwa kununua vifaa vya kurekodi darsa, visomo na kaswida za watoto. Kamati ikatutaka shauri, sisi tuliozoea kupita katika studio za Mombasa, nasi tukaorodhesha kwa ufasaha: kompyuta, maikrofoni mbili, kifaa cha kuingizia sauti, hedifoni, na programu fulani ya kurekodi ambayo vijana wa mjini huisifu kwa uzuri wa sura yake. Hatukuuliza ni nani atakayeketi mbele ya kompyuta hiyo.

Aliyeketi ni kijana wa miaka 23 asiyeona. Jina lake tutalihifadhi kama alivyotuomba. Alipoteza macho akiwa mdogo kwa maradhi, na tangu utotoni amekuwa mtu wa kurekodi. Babu yake alikuwa na redio ya kaseti, na mtoto yule aliijua kwa vidole kama anavyoijua tasbihi. Alijua kwamba kitufe cha kurekodi hubonyezwa pamoja na kile cha kucheza. Alijua, kwa mlio wa mota ndogo ya ndani, kwamba utepe unakaribia mwisho. Aliurudisha utepe nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Kitufe kile cha kurekodi kilikuwa na alama nyekundu, lakini yeye hakuwa na haja nayo. Kaswida za madrasa ile zilizorekodiwa kwa redio ya babu bado zinasikilizwa katika nyumba za hapa, na walimu wanakubaliana kwamba hakuna sikio katika jamaa nzima linalotambua haraka kama lake mtoto aliyetoka nje ya sauti katika kundi la watoto thelathini.

Siku kompyuta ilipofunguliwa tulikuwapo. Kijana alikuwa amejifunza shuleni programu ya kusoma skrini, ile inayomwambia kwa sauti asiyeona kile ambacho mwenye macho anakitazama. Akaiwasha, akafungua programu yetu nzuri ya kurekodi, akaanza kutembea kwa kibodi. Kompyuta ikamwambia: kitufe. Akasogea. Kitufe. Akasogea tena. Kitufe. Baada ya hapo ikanyamaza kabisa, kana kwamba dirisha zima ni ukuta mweupe.

Wasomaji wetu wanaijua adabu ya kubisha hodi: mtu akiulizwa "nani?" asijibu "mimi", bali ataje jina lake, maana kila mtu ni mimi. Kijana akageuza uso kwetu akasema kwa upole, "Ustadhi, hii ni nyumba ya watu mia, na kila mmoja anajibu 'ni mimi'." Tulicheka wakati ule. Hatukuelewa kwamba kwa ushauri wetu tulikuwa tumemfukuza kazi.

Kwani ndivyo ilivyokuwa. Kamati haikuwa na nia mbaya. Ilimpa kompyuta kijana mwingine mwenye macho, mtu mwema lakini asiye na sikio, na fundi wetu akapewa kiti kando ya mlango na heshima nyingi. Alikaa hapo mwaka mzima na nusu.

Tunadhani inafaa kueleza jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu wengi wetu tukisikia "kompyuta ya kipofu" tunafikiri ni mashine maalumu ya bei kubwa. Sivyo. Kompyuta ni ileile. Programu ya kusoma skrini haina macho pia. Haitazami picha ya skrini na kuikisia. Huuliza kila programu iliyofunguliwa: una nini hapa? Mtengenezaji aliyefanya kazi yake huwa ameandika jawabu ndani: hiki ni kitufe, jina lake ni Rekodi, hivi sasa kimezimwa. Mtengenezaji aliyechora vitufe vyake kwa rangi na vivuli, kama mchoraji wa ukutani, bila kuviandikia majina kwa ndani, huwa ameacha swali bila jibu. Mwenye macho hataona tofauti yoyote. Ndiyo maana sisi hatukuiona.

Mfano mzuri kuliko wote wa jambo hili tunao katika sira, na tunaona haya kwamba haukutujia akilini mapema. Ibn Umm Maktum, Allah amridhie, alikuwa muadhini wa alfajiri naye haoni. Alfajiri ni jambo la kutazamwa: ni weupe unaoenea kwenye upeo. Basi watu walikuwa wakimwambia kwamba kumekucha, naye huadhini. Hakuna aliyedai kwamba kazi hiyo haimfai kwa kuwa haoni upeo. Alihitaji kuambiwa neno moja kwa wakati wake, na yaliyobaki yalikuwa sauti.

Na kurekodi ni kazi ya sauti, jamani. Mtu anaposhangaa kusikia kwamba fundi wa sauti ni asiyeona, tunapenda kumuuliza ni rangi gani ya sauti anayohofia isionekane. Redio ya taifa ya Misri ilipofunguliwa mwaka 1934, aliyeifungua kwa kisomo cha Qur'ani alikuwa Sheikh Muhammad Rifat, ambaye hakuona tangu utotoni. Wazee waliokuwa wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Mpigaji wake, Mzee Morris Nyunyusa, alikuwa kipofu, na alizipiga ngoma zaidi ya kumi peke yake kwa wakati mmoja. (Kuhusu ala, wanazuoni wana maneno yao, na safu hii si mahali pake. Kijana wetu hurekodi kaswida za sauti na dufu, na kwa ajili ya riziki yake hurekodi harusi, hotuba na hata kwaya za majirani.) Lakini tazama: watu hawa wote walikuwa mbele ya maikrofoni. Aliyekuwa nyuma ya kioo, mwenye kuamua sauti ipande au ishuke, alikuwa mwenye macho.

Wapo waliovuka kioo hicho, na mmoja alianzia karibu na hapa. Reuben Kigame, mwimbaji maarufu wa nyimbo za Kikristo, mzaliwa wa Vihiga, alisoma katika shule ya wasioona ya Kibos, Kisumu, kisha akaendelea Thika na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hakuishia kuimba, alianzisha kituo cha redio Eldoret. Tunamtaja ingawa si wa dini yetu kwa sababu kijana wetu humtaja kila mara, na kwa sababu wazazi wa hapa ziwani wenye mtoto asiyeona wana haki ya kujua njia hiyo imekwisha kupitwa na mtu.

Jambo la ajabu ni kwamba enzi ya zamani ilikuwa rahisi zaidi. Mashine za utepe zilikuwa na vifundo na vitelezi vya kushikika. Kompyuta za mwanzo nazo zilikuwa za maandishi matupu, na maandishi husomeka kwa sauti. Programu ya JAWS, iliyotungwa na Ted Henter, ambaye mwenyewe alipofuka kwa ajali, ilianza mwaka 1989 katika kompyuta za aina hiyo. Kisha yakaja madirisha, picha na kipanya, na vifundo vyote vikahamia nyuma ya kioo visikoweza kuguswa. Kilichoonekana kuwa maendeleo kwa wengi kilikuwa mlango kufungwa kwa wachache.

Na mlango ukifunguliwa, unaweza kufungwa tena. Pro Tools ni programu iliyotawala studio kubwa za dunia. Palikuwa na mafundi wasioona walioitumia kwa kazi na kuilisha familia kwayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Apple walipoacha mfumo wao wa zamani wa kompyuta na kuhamia Mac OS X, mafundi hao walijikuta nje, si kwa kosa lao wala kwa kupungukiwa na ujuzi. Slau Halatyn, fundi asiyeona mwenye studio New York, alikuwa mstari wa mbele kuwashawishi watengenezaji warudishe kilichopotea. Ilirudi, lakini baada ya miaka. Mtu asiyekuwa na subira hiyo, au asiye na akiba ya kumvusha, alikwisha kutafuta kazi nyingine. Ableton Live, programu nyingine inayopendwa, ilitoka mwaka 2001, na haikuanza kuzungumza na programu za kusoma skrini ila katika toleo la 12 mwaka 2024. Hesabuni wenyewe.

Tulirudi Mombasa baada ya ile siku ya vitufe na tukasahau. Hatuna udhuru wa kuupamba. Aliyetukumbusha ni kijana mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti aliotutumia mwezi wa Rajabu. Hakulalamika. Alieleza tu kwamba ameuliza wenzake wasioona, kwamba lipo suluhisho, na kwamba gharama yake ni ndogo kuliko karamu moja ya kamati. Karamu hiyo tulikuwa tumeila.

Suluhisho lina sehemu tatu, na tutalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu huenda mna mtoto au jirani anayelihitaji.

Sehemu ya kwanza ni programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, na kuungwa mkono na mwenzake James Teh, naye asiyeona. Wawili hawa walijuana tangu watoto katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Wakati huo programu za namna hii ziliuzwa kwa mamia ya dola, kiasi kwamba asiyeona alilipa zaidi ili kusikia skrini kuliko mwenye macho alivyolipa kununua kompyuta yenyewe. NVDA hutolewa bure.

Sehemu ya pili ni REAPER, programu kamili ya kurekodi na kuchanganya sauti. Hujaribiwa kwa siku 60 bila malipo, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani chini kidogo ya shilingi elfu nane za Kenya kwa kiwango cha fedha cha siku hizi. Sifa yake si uzuri. Mwenye macho huiona kavu. Sifa yake ni kwamba karibu kila jambo ndani yake hufanyika kwa kibodi, na kwamba watengenezaji wake waliacha nafasi kwa watu wengine kuiongezea viungo.

Sehemu ya tatu ni kiungo hicho, OSARA, nacho ni bure. Aliyekianzisha ni yule yule James Teh wa kambi ya muziki. OSARA husimama kati ya REAPER na msikilizaji kama wale watu waliomwambia Ibn Umm Maktum kwamba kumekucha. Fundi akisogea juu au chini, huambiwa jina la njia ya sauti aliyofikia, kama imefunguliwa kwa kurekodi, kama imezimwa. Akiongeza sauti, huambiwa kiasi kwa desibeli. Na lipo jambo dogo ndani yake lililotufurahisha kuliko yote. Wenye macho hutazama taa zinazogeuka nyekundu sauti inapozidi na kuanza kukwaruza. OSARA inaweza kuagizwa kuilinda ile taa: sauti ikipita kiwango alichokiweka fundi, yeye huambiwa.

Kwa wasiohitaji mambo makubwa, Audacity, ambayo ni bure tangu ilipotolewa mwaka 2000, hutumika vyema kwa kibodi pamoja na NVDA, na kwa darsa la mtu mmoja inatosha kabisa. Hapo ndipo tungewashauri wanaoanza waanzie.

Tulifika na vitu hivi Jumatatu. Siku ya kwanza ilipotea yote kwa sababu ambayo hatukuitarajia: kompyuta inayozungumza huzungumza wakati wowote. Mtoto anapanda juu katika beti ya pili, fundi anabonyeza kitu, na katikati ya kaswida NVDA inatangaza dakika na sekunde. Maikrofoni ikaidaka. Tukajaribu kuipunguza, ikawa fundi haisikii. Mwisho kijana akaamua mwenyewe: sauti ya NVDA ipite katika kifaa cha sauti cha ndani ya kompyuta, kwa hedifoni ndogo ya sikio la kushoto, na kaswida ipite katika kile kifaa chetu cha kuingizia sauti, kwa sikio la kulia. Sikio moja kwa mashine, moja kwa watoto. Tulivaa hedifoni zile kwa dakika mbili kujaribu na kichwa kikatuuma. Yeye aliendelea hadi adhuhuri.

Tena aliiharakisha ile sauti ya mashine mpaka sisi tukaisikia kama mvua juu ya mabati. NVDA huja na sauti zinazotengenezwa na kompyuta katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Lakini maneno ya programu ya kurekodi ni ya Kiingereza, na akiweka sauti ya Kiswahili hutamkwa herufi kwa herufi kama yalivyoandikwa, jambo lililowafanya watoto wa madrasa wacheke hadi machozi. Akarudi kwenye sauti ya Kiingereza.

Yapo yaliyobaki bila kutatuliwa. Programu ndogo za kupambia sauti, zile zinazoongezwa ndani ya programu kubwa, nyingi bado ni michoro tu, na zikifunguliwa nyumba ya watu mia hurudi. REAPER ina za kwake zinazosomeka, nazo zinatosha kwa kaswida. Kwa kazi nyingine atazikosa baadhi. Na liko jambo zito zaidi. Studio moja mjini Kisumu ilikuwa tayari kumpa kazi ya siku tatu kwa wiki. Studio hiyo inatumia programu isiyosema naye. Mwenye studio alimwambia kwa heshima kwamba hawezi kubadilisha vyombo vya watu wanne kwa ajili ya mmoja. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo vya ulemavu wake. Hata hivyo Ibara haiingii katika studio ya mtu na kubadilisha programu. Kijana amependekeza akae huku na awe anatumiwa sauti zilizorekodiwa, kila njia katika faili lake, azichanganye kwa REAPER na kuzirudisha. Sauti ikiwa katika faili la kawaida haina utaifa wa programu. Mwenye studio amesema atafikiri. Hadi tunaandika haya hajajibu, nasi hatutajifanya kwamba amejibu.

Kwa upande wa madrasa, kamati ilikutana Jumatano baada ya magharibi. Ilikubali kununua leseni ya REAPER na kumrudishia kijana kiti chake. Yule mwenzake mwenye macho alikuwa wa kwanza kuunga mkono, akisema amechoka kusahihishwa na mtu aliyeketi mlangoni. Watu walicheka. Mjumbe mmoja aliuliza kama isingekuwa vyema kumwekea kijana mtu wa kumtazamia skrini daima. Akajibiwa na kijana mwenyewe: "Ami, mtu huyo ataoa, atahamia Nairobi. Hii haihami."

Alhamisi usiku walirekodi kaswida tatu mfululizo. Katika ile ya pili alisimamisha kila mtu, akasema mtoto wa safu ya nyuma, wa tatu kutoka dirishani, amevuta irabu kabla ya wenzake. Tulikuwa tumekaa karibu na mtoto huyo na hatukusikia kitu. Mtoto alikiri.

Kabla hatujaondoka alitusindikiza hadi barabarani, na hapo akatuuliza jambo. "Ustadhi, safu utakayoandika juu yetu, nitaisoma vipi?" Tukamwambia atatumiwa kwa simu, kama wasomaji wetu wengine wa mbali wanavyotumiwa jarida hili kila Ijumaa. Akatoa simu yake, akafungua toleo la wiki iliyopita, akalipitisha kidole kutoka juu hadi chini huku simu ikimsomea kwa sauti. Kurasa nane. Simu ikasema: picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha. Picha.

Ni kweli. Tangu tuanze kulituma kwa simu, jarida hili limekuwa likipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu ndiyo njia ya haraka na hupendeza machoni. Tumezungumza na mhariri. Kuanzia toleo hili, pamoja na zile picha, mtatumiwa jarida zima kwa maandishi ya kawaida. Safu hii imetangulia kumfikia yeye kwa maandishi hayo, na ameirudisha na sahihisho moja: mtoto yule alikuwa wa nne kutoka dirishani.